Kapata Wapi? Kitenzi "Get" na Kalamu Zetu Vijana

Ndugu msomaji, nina ugomvi na neno moja la Kiingereza. Ni neno fupi, herufi tatu tu, na bila shaka ulilijua kabla hujaweza kuandika barua ya kuomba ruhusa kwa lugha hiyo. Neno lenyewe ni "get". Usicheke. Najua wapo watakaosema huyu jamaa kakosa la kuandika, wenzake wanahakiki riwaya na tamthilia, yeye anahakiki kitenzi! Nivumilieni. Kitenzi hiki kimeingia katika hadithi zetu kwa mlango wa uani, kimevaa kanzu ya Kiswahili, kinajiita "pata", na sasa kimekaa sebuleni kama mwenye nyumba. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokikaribisha. Kwa hiyo kabla sijamnyooshea mwenzangu kidole, nitaanzia nyumbani kwetu.

Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari ya kutwa, na dada yangu alikuwa kidato cha tatu hapo hapo. Siku moja mama aliitwa shuleni. Aliingia ofisini peke yake, mimi nikabaki nje chini ya mwembe. Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi, imepigwa muhuri. Mama alisoma hadi darasa la saba na Kiswahili anakisoma bila taabu, lakini karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza. Nadhani haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa kwa ajili ya faili, yeye akapewa nakala. Akanipa. "Mwanangu, hebu soma, wanasemaje?"

Ilikuwa na mistari mitatu. Mmoja ulisema kwamba mwanafunzi huyu "got herself pregnant", na kwa hiyo amefukuzwa shule. Kiingereza changu kilikuwa cha miezi michache, tena cha kuungaunga. Nikafanya kama tulivyofundishwa, neno kwa neno: "got" ni alipata, "herself" ni mwenyewe. Nikasema, "Mama, wanasema dada kapata mimba mwenyewe."

Mama alinitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake wa kumzaa. "Mwenyewe? Kapata wapi? Kaiokota njiani?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, hakuna aliyesema neno hadi tulipofika. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mama, japo nimechelewa sana.

NENO LILIVYOSAFIRI

Tuanze na neno lenyewe, maana hata maneno yana kwao. "Get" si mzaliwa halisi wa Uingereza. Waliolileta ni watu wa Skandinavia, wale mabaharia na wapiganaji wanaoitwa Waviking, ambao walianza kufanya makazi Uingereza katika karne ya 9. Katika lugha yao ya kale kulikuwa na kitenzi "geta", chenye maana ya kupata na pia maana ya kuzaa. Waingereza nao walikuwa na ndugu wa neno hilo, ila wao walikuwa wakilifunga kwenye kiambishi. Ndiyo maana hadi leo ndani ya neno lao la kusahau, "forget", mna "get", na ndani ya neno lao la zamani la kuzaa, "beget", mnayo pia. "Get" likiwa limesimama peke yake linaanza kuonekana katika maandishi yao kuanzia miaka ya 1200 hivi.

Kwenye "beget" tusimame kidogo. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, mwanzoni mwa Injili ya Mathayo, kwenye ile orodha ndefu ya vizazi. Kitenzi kinachorudiwa pale mstari baada ya mstari ni hicho, na mtendaji wake ni mwanamume. Baba ndiye anayetangulia, ndiye anayefanya. Hata "get" lenyewe, enzi za Shakespeare, lilitumika kwa mwanamume aliyezaa mtoto. Sasa tazama safari ya neno hili, ndugu msomaji. Huko nyuma lilimtaja baba waziwazi. Lilipofika kwenye karatasi ya shule yetu, baba alikuwa ameshafutwa. Msichana kajifanyia mwenyewe. Mtu wa pili hayumo.

KIBARUA WA KILA KAZI

Siku hizi "get" ni kibarua asiyechagua kazi. Ukipokea barua, ni "get". Ukimtuma mdogo wako akuletee maji, ni "get". Ukifika nyumbani, ukielewa mzaha, ukishikwa na mafua, vyote ni "get". Ukikasirika, ukilowa, ukizeeka, ukilewa, ukipotea, ni "get" na sifa nyuma yake. Ukifukuzwa kazi au ukiibiwa, ni "get" tena. Ukimshawishi mtu afanye jambo, "get". Ukimwambia adui yako "I'll get you", humwahidi zawadi, unamtishia. Ongeza "down" mwishoni na umwambie mtoto aliyekwama juu ya mti, sasa unakwenda kumteremsha.

Linawezaje yote hayo? Siri yake ni kwamba lenyewe halibebi mzigo. Mzigo unabebwa na vineno vinavyolifuata. "Get up" ni kuamka, "get off" ni kuteremka, "get along" ni kupatana, "get by" ni kubangaiza, "get away with" ni kufanya kosa ukaponyoka na adhabu. Ondoa kineno, kitenzi kinabaki kitupu kama debe.

Kiswahili hakikujengwa hivyo. Chetu kinaweka kazi tumboni mwa kitenzi: pata, patia, patwa, patana, patanisha, patikana. Na pale Mwingereza anapotumia "get" na sifa, sisi mara nyingi tuna kitenzi kizima kinachosimama kwa miguu yake: choka, lewa, zeeka, kasirika, potea, lowa, nenepa, konda. Chukua suala la ndoa. Kwa Kiingereza mwanamume "gets married" na mwanamke "gets married", mambo yamekwisha. Kwa Kiswahili lazima uchague: kaoa, kaolewa, au wameoana. Wapo wanaoilaumu lugha yetu kwa hilo, kwamba "kuolewa" kunamweka mwanamke upande wa kutendwa. Wana hoja na sitabishana nao leo. Ninalosema ni kwamba angalau lugha haifichi nani kasimama wapi. Unaiona hukumu yake, unaweza kuipinga.

Hata wenye lugha wenyewe "get" huwatatiza. Wamarekani bado wanatumia umbo la "gotten", ambalo ni la zamani na lilikuwepo Uingereza kabla Waingereza hawajaliacha. Kwa msaada wa umbo hilo Mmarekani anaweza kutofautisha "ninacho" na "nimekipata", jambo ambalo "got" peke yake linalichanganya. Na walimu wengi wa Kiingereza, hapa kwetu na huko kwao, huwakataza wanafunzi kulitumia kwenye insha. Mwalimu wetu alikuwa akilipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni tutafute neno lingine. Laiti angetupigia mstari huo huo kwenye Kiswahili chetu!

DAFTARI LANGU

Sasa nije kwenye kalamu. Nilimaliza kidato cha nne, alama za kuendelea sikuzifikisha, nikaanza kuandika riwaya. Naandika usiku, kwenye kauntabuku, watu wote wakishalala. Mhusika mkuu nilimpa jina Rehema, lakini mtu yeyote wa mtaani kwetu angejua ni nani. Sura ya kwanza ilipokamilika nikampa mshikaji wangu mmoja, fundi viatu, mtu anayesoma chochote kinachopita mbele yake hata gazeti la kufungia vitumbua. Alinirudishia baada ya wiki. Alikuwa amezungushia duara neno moja kila lilipotokea. Tulihesabu pamoja: mara 31 katika sura moja.

"Kaka," akaniambia, "huyu Rehema wako anapata tu. Hafanyi kitu, hafanyiwi kitu. Anapata!"

Niliumia, sitaki kudanganya. Lakini nilipokwenda kusoma usiku ule nikaona aibu yangu mwenyewe. Nitatoa mifano kutoka daftari langu, maana ya mwenzio ni rahisi kuyaona. Niliandika: "Rehema alipata mshangao mkubwa." Kwani hakushangaa? Niliandika: "Alipata uchovu wa safari." Kumbe alichoka. "Walipata mazungumzo marefu." Yaani waliongea mpaka taa ikaisha mafuta. Na nikaandika: "Usiku ule mama yake alipata kipigo." Kwenye hiyo fundi viatu alikuwa amechora maduara mawili, moja ndani ya jingine, hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Hapa kuna magonjwa mawili, na ni vizuri tuyatenganishe.

Ugonjwa wa kwanza ni wa uvivu. Tunachukua kitenzi chenye afya, tunakigeuza jina, halafu tunakiwekea "pata" kiegemee. Sentensi inatembelea mkongojo wakati miguu inayo! Tunajua ugonjwa huu umetoka wapi. Sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza, tukafikiri kwa Kiingereza cha kuokoteza, na tunaporudi kuandika Kiswahili tunadhani lugha ya kitabu sharti iwe nzito. Magazeti nayo yametusaidia kupotea. Mle ndani mtu hapigwi, hupata kipigo. Hajeruhiwi, hupata majeraha. Ugonjwa huu unachosha msomaji, lakini hauui.

Ugonjwa wa pili ndio unaoua. Rudi kwenye "alipata kipigo". Mpigaji kaenda wapi? Sentensi haina kiti chake. Unaweza kuongeza "kutoka kwa mumewe", lakini huo ni mkia wa mjusi, unakatika na mjusi anaendelea kukimbia. Linganisha na "mumewe alimpiga". Huwezi kumtoa mume pale bila kubomoa sentensi nzima. Hata ukiandika "alipigwa", bila kumtaja mtu, ile herufi "w" katikati inabaki kama nyayo kwenye mchanga. Inamwambia msomaji: kuna mtu kapita hapa, mtafute. "Alipata kipigo" imefagia hata nyayo.

Nami niliyeandika vile nilikuwa najua vizuri nyayo ni za nani. Ndiyo sababu nilifagia. Baba yake Rehema alikuwa amefanana mno na mtu ninayemfahamu, na kitenzi "pata" kilinisaidia kumkwepa bila mimi kujiona mwoga.

JE, TUKITUPE "PATA"?

La hasha! Nisieleweke vibaya. "Pata" ni kitenzi chetu na kina heshima zake. Kisu kikiwa kikali, twasema kinapata. Ikikaribia saa mbili, twasema yapata saa mbili. Jambo geni ni lile ambalo hatujapata kuliona. Mtu aliyetajirika twasema "kapata", basi, inatosha, hatuhitaji kusema kapata nini. Kijana akioa, kapata jiko. Na mtu akifikwa na kifo cha mpendwa wake, msiba umempata, kapatwa na msiba, kana kwamba msiba ulikuwa ukimtafuta mitaani na hatimaye umegonga mlango.

Wahenga walisema: kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Isikilizeni methali hiyo kwa sikio la mwandishi. Inatuambia kwamba "pata" ni kitenzi cha majaliwa. Kinachopatikana kimekuja, kwa heri au kwa shari, na hakuna wa kusifiwa wala wa kulaumiwa. Ndiyo maana "alipata msiba" ni sentensi safi. "Alipata mtoto" ni sentensi safi na yenye furaha. "Alipata ajali" ni safi pia, mradi dereva hakuwa amelewa. Na ndiyo maana "alipata kipigo" ni sentensi chafu, hata kama sarufi yake haina dosari. Inachukua tendo la mtu na kumbandika Mwenyezi Mungu.

Hoja yangu yote iko hapo. "Get" la Kiingereza ni kitenzi kisicho na mwenyewe, na sisi tunapokitafsiri kila mahali kwa "pata" tunayageuza matendo ya watu kuwa majaliwa. Mtu kafanya, sisi tunaandika "imetokea".

Najua kuna watakaonijia juu. Watasema, wewe unataka kuturudisha kwenye Kiswahili cha vitabu vya sarufi, mbona mtaani tunasema "sipati picha" na ni Kiingereza kitupu kile? Ndiyo, kinanukia Kiingereza, na mimi nakipenda. Nakipenda pia "hebu pata picha". Napenda pale mtu anapopiga simu kwenye upepo na kupaza sauti, "Nakupata, nakupata, endelea!" Napenda mzee anapomaliza kumwelekeza kijana njia na kumuuliza, "Umenipata?" Katika maneno hayo yote "pata" lipo kazini kweli. Kitu kimetumwa, kimefika au hakikufika. Sauti yako imenifikia. Picha haijanijia. Hakuna aliyefichwa. Mtaa umeazima na umelipa. Sisi wa madaftari ndio tulioazima ili tumfichie mtu kosa lake.

BANDA LA VIDEO

Ukitaka kujua ni nani anayeitafsiri "get" vizuri katika nchi hii, toka maktaba uende kwenye banda la video. Wengi wenu mnawajua wale wasimuliaji wa sinema. Jina la Lufufu lilivuma Dar es Salaam kwa kazi hiyo, na kila mtaa ulikuwa na wa kwake aliyemwiga. Mimi nimekulia kwenye banda moja nyuma ya soko, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka. Msimuliaji hana kamusi, na nafasi ya kufikiri hana. Mwigizaji keshafunga mdomo, yeye lazima aseme.

Jambazi anafoka, "I'll get you!" Mimi wa sekondari ningeandika "Nitakupata", na hakuna mwalimu ambaye angenikata alama. Msimuliaji wetu alisema, "Wewe! Nitakukomesha!" Benchi zima likapiga kelele. Risasi zinakuja, askari anawaambia wenzake "Get down!", yeye anasema "Laleni chini!" Sinema nyingine, watu wako kwenye disko, maneno ni yale yale, yeye anasema "Ruka majoka, baba!" Mkuu wa polisi anatoa amri, kijana wake anajibu "Got it". Kama kijana ana faili mkononi, msimuliaji anasema "Ninalo hapa, mkuu". Kama mikono mitupu, anasema "Nimeelewa, mkuu".

Mnaona anachofanya? Hatafsiri neno. Anatazama kiooni na kujiuliza: nani anamfanya nani nini? Swali hilo ndilo shule yangu yote ya uandishi, na nimelisomea kwa kiingilio cha sarafu kadhaa.

Na asidhani mtu kwamba hili ni jambo la mabanda tu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, iliyochapishwa mwaka 1969, hakuiita kwa neno lililokuwa karibu zaidi. Aliiita Mabepari wa Venisi. Kwenye jina la Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja, yeye akaweka wengi, tena akawapa jina lenye hukumu ndani yake, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Unaweza kubishana na hukumu hiyo ukitaka, na wapo waliobishana nayo. Huwezi kusema hapakuwa na mtu aliyeamua. Msimuliaji wa bandani na Rais wa nchi, kila mmoja kwa nafasi yake, wamefanya jambo moja: wamechagua neno na kusimama nalo.

SENTENSI MOJA

Basi nikarudi kwenye ile sentensi moja ya Rehema, ile ya karatasi yenye muhuri. Nikagundua kwamba Kiswahili kinanipa mlolongo wa vitenzi, na kila kimoja ni riwaya tofauti. "Alipata mimba" ni majaliwa. "Alishika mimba" ni habari ya mwili wake peke yake. "Alitiwa mimba" ina mtu nyuma ya pazia. "Alipachikwa mimba" ni ya vijiweni, ina dharau ndani yake, na dharau hiyo inamwangukia msichana zaidi kuliko aliyempachika. "Alipewa mimba" niliiona ndiyo bora. Nyayo zipo, matusi hayapo. Nikaiandika, nikaipigia mstari, nikajiona fundi.

Kisha nikampelekea dada yangu daftari. Ilinichukua miezi kujipa moyo. Alisoma akiwa amekaa juu ya ndoo, kwenye foleni ya maji bombani, mtoto wake akicheza pembeni na sare za shule ya msingi. Alipofika kwenye sentensi yangu alisimama.

"Alipewa? Kama zawadi? Ulimwona akija na sahani?"

Nikamwuliza, sasa dada niandikeje? Alinyamaza hadi foleni ikasogea ndoo tatu. Kisha akasema polepole, bila kunitazama: "Andika alichofanya yule baba. Alikuwa mtu mzima, ana duka, ana mke. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, naenda kununua sukari. Halafu usiniache pale kama kifurushi. Andika na mimi nilichofanya. Nilizaa. Nililea. Nilisoma usiku mtoto akilia, nikarudi kwenye mtihani."

Ni kweli tupu. Mwaka 2018 dada alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ajili ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za serikali, yeye alikuwa keshamaliza kwa njia yake. Aliisikia taarifa ile redioni akiwa jikoni. Aliinjika sufuria chini, akakaa, hakusema kitu.

Lakini hebu tazama vitenzi vyake, ndugu mwandishi mwenzangu: zaa, lea, soma, rudi. Hakuna "pata" hata moja. Nilikuwa nimemtetea kwa kumtaja aliyemtenda, nikadhani nimemaliza. Yeye akanionyesha kwamba mtu anaweza kufutwa mara mbili: mara ya kwanza mkosaji anapofichwa, na mara ya pili mwenye kukosewa anapoachwa bila kitenzi chake mwenyewe. Hilo la pili fundi viatu aliliona mapema kuliko mimi. Hafanyi kitu, alisema.

Sasa sentensi yangu inasomeka hivi: "Mwenye duka alimzoesha Rehema sukari ya bure, akamlaghai, akampa mimba, na kabla ya masika akahama mtaa." Inayofuata inaanza na Rehema, naye anafanya jambo. Si sentensi nzuri sana, najua. Imebanana kama daladala la saa kumi na mbili jioni. Huenda mhariri atanikata. Lakini nilimsomea mama. Alisikiliza hadi nukta ya mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua mchele. Akasema, "Haya. Hapo sasa."

Basi, mwenzangu unayeandika usiku kama mimi, sikukatazi "pata" wala Kiingereza. Naomba jambo moja tu. Mkono wako ukishaandika "alipata", inua kalamu, uulize swali la mama yangu: kapata wapi? Jibu likiwa ni kwa bahati, au kwa Mungu, endelea na safari yako, neno liko mahali pake. Jibu likiwa lina jina la mtu, mrudi, mwandike. Na ukishamwandika yeye, usisahau kumwandika aliyetendwa, maana naye ana vitenzi vyake.

Anayebisha na aandike, kurasa zipo na mimi sijahama. Nina "pata" zangu 31 za kupitia moja moja. Mpaka leo nimefika ya 19.